Sindano Kwanza: Ushauri kwa Wenye Santuri za Mono

Swali lilelile limenifikia mara nyingi mno, kutoka Kitale, Kiminini, Webuye hadi Chwele, na nimeona heri nilijibu mara moja kwa kirefu. Kijana amerithi sanduku la santuri za babu yake. Mama mwingine ameletewa kinanda kipya cha santuri na bintiye anayefanya kazi Nairobi. Anaweka santuri ya Daudi Kabaka, anashusha sindano, na badala ya gitaa anasikia bisi zikirukaruka kwenye sufuria. Kisha anauliza: ninunue katriji gani?

Katriji ni kile kisanduku kidogo kilicho mwisho wa mkono wa kinanda, chenye sindano chini yake. Ndicho kinachogeuza mtikisiko wa sindano kuwa umeme mdogo unaokwenda kwenye amplifaya. Ushauri wangu ni huu: usianze na jina la katriji. Anza na mfereji wa santuri uliyo nayo, halafu tafuta ncha ya sindano inayokaa humo sawasawa. Katriji itafuata. Wengi wenu hamhitaji katriji ya mono kabisa. Wachache mnaihitaji sana, na hao ndio ninaowahofia zaidi, kwa sababu santuri zao hazipatikani tena.

## Fungua sanduku kwanza

Toa santuri zote uzipange mafungu matatu.

- Santuri za 78. Ni nzito, aghalabu za inchi 10, na zikianguka huvunjika kama kigae. Zilitengenezwa kwa shelaki, yaani utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe. Tafuta lebo kama HMV, Gallotone, Jambo au Ngoma ya Kongo. "Masanga" ya Mwenda Jean Bosco, iliyorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, ni ya ukoo huu.
- Santuri za 45 na LP za mono. Ni plastiki inayopindika kidogo. Hapa ndipo walipo Fadhili William, Kabaka na wenzao wa studio ya Equator wa miaka ya 1960, na singo nyingi sana zilizofuata.
- Santuri za sterio. Lebo au jalada huandikwa STEREO. Ziweke kando, makala hii haizihusu, ila nitarudi kwazo kwa onyo moja.

Lebo isiposema kitu, tumia umri. Santuri za sterio ziliingia sokoni Marekani na Uingereza mwaka 1958, na singo zetu ziliendelea kuwa mono muda mrefu baada ya hapo. George Mukabi, mpiga gitaa wa Kisa, alifariki mwaka 1963. Ukipata santuri yake ya wakati huo, ihesabu kuwa mono.

## Kwa nini katriji ya sterio husikia vumbi

Mfereji wa mono huipeleka sindano kushoto na kulia tu. Muziki wote umo katika mwendo huo. Mfereji wa sterio huongeza mwendo wa juu na chini, ndiyo maana katriji ya sterio imetengenezwa isikie pande zote.

Sasa ukiweka santuri ya mono chini ya katriji ya sterio, ule mwendo wa juu na chini hauna muziki ndani yake. Una vumbi, mikwaruzo, mawimbi ya santuri iliyopinda kwa jua, na mngurumo wa mota. Katriji inasikia takataka hizo zote na kukuletea kwa uaminifu. Katriji ya mono ya kweli haizisikii, kwa sababu imejengwa kusikia mwendo wa kando peke yake.

## Bonyeza kitufe kabla ya kutoa pesa

Jaribio hili halina gharama, na ndilo ninalomtaka kila mmoja wenu alifanye leo jioni.

1. Vaa hedfoni. Usitumie spika kwa hili.
2. Cheza singo ya mono kwa katriji yoyote uliyo nayo.
3. Sikiliza mahali sauti zinapokaa. Mwimbaji na gitaa watakuwa katikati ya kichwa chako. Mikwaruzo itakuwa inaruka sikio la kushoto, sikio la kulia.
4. Bonyeza kitufe cha MONO kwenye amplifaya.

Nilifanya hivi Bungoma kwa rafiki yangu aliyekuwa tayari ameagiza katriji ya bei ya ndama. Singo ilikuwa ya kijivu kwa kuchakaa. Kitufe kilipoingia, mikwaruzo ya pembeni ilishuka palepale, kama mtu amefunga dirisha la upande wa barabarani. Mwimbaji hakusogea. Sababu ni hii: kelele za juu na chini hufika kwenye njia mbili za katriji zikiwa kinyume, na njia hizo zikiunganishwa, kelele hizo hufutana. Rafiki yangu alibaki na hedfoni masikioni mpaka upande wa pili ukaisha, akafuta oda yake.

Amplifaya nyingi za siku hizi hazina kitufe hicho. Una njia mbili nyingine:

- Waya za Y mbili. Ya kwanza huunganisha kushoto na kulia kuwa moja. Ya pili hugawa tena kwenda spika zote mbili. Fundi wa redio anayejua kulehemu atakutengenezea mchana mmoja.
- Kompyuta. Rekodi wimbo kwenye programu ya Audacity kwa njia mbili, kisha uugeuze kuwa mono. Wakati mwingine upande mmoja wa mfereji umechakaa kuliko mwingine. Sikiliza kila njia peke yake, na kama moja ni safi zaidi, tumia hiyo tu.

Ukifanya hivi na ukaridhika, hapo hapo umemaliza habari ya katriji. Kilichobaki ni sindano.

## Ncha ya sindano ndiyo kiini

Mifereji haikuchimbwa kwa upana mmoja. Yaandike haya mahali:

- Santuri ya 78 ya shelaki inataka ncha pana, kati ya mikroni 65 na 76.
- LP na 45 za mono za zamani kabisa zilikusudiwa ncha ya mikroni 25.
- Santuri za sterio, na mono zilizochimbwa baadaye kwa mitambo ya sterio, hupokea vizuri ncha ya mikroni 15 hadi 18.

Kwa singo zetu za miaka ya 1960 na 1970, ncha ya mviringo ya mikroni 15 hadi 18 inafaa. Wapo watakaobisha kwamba ncha ya umbo la yai hutoa sauti za juu vizuri zaidi. Kwa santuri safi, ni kweli. Lakini santuri zetu zimepita kwenye baa, kwenye harusi, na kwenye vinanda vya betri vyenye sindano iliyochoka. Ncha ya yai hufuata kila kovu la historia hiyo. Ya mviringo hupita juu ya makovu mengi. Tena haihangaiki sana ikiwa hukuifunga kwa unyoofu kamili, na wengi wetu tunafunga wenyewe mezani, bila vipimo vya kiwandani.

Kwa 78, hakuna mjadala. Ncha ndogo ya LP ndani ya mfereji wa 78 huteleza kwenye sakafu ya mfereji, mahali unga wa mawe na uchafu wa miaka 60 umelala. Utasikia mvumo mkubwa na mwimbaji aliye mbali, na ncha yako italika. Kinyume chake ni kibaya zaidi: sindano ya 78 juu ya LP inaweza kuharibu kuta za mfereji.

## Katriji ninazopendekeza, kwa hali yako

Una singo na LP za mono zilizochanganyika na za sterio. Nunua Audio-Technica AT-VM95C. Ni ya sterio, ncha yake ni ya mviringo, na hucheza kwa uzito wa gramu 2. Tumia kitufe cha mono au waya za Y. Sababu yangu kubwa ni kwamba sindano huchomoka kwa vidole na kuingizwa nyingine. Ukipata santuri za 78 kesho, unanunua sindano ya VM95SP yenye ncha pana na kuiingiza kwenye katriji ileile. Kumbuka tu kubadilisha uzito: hiyo inataka gramu 5.

Una mono tupu, nyingi, na unazisikiliza kila wiki. Hapa ndipo katriji ya mono inapolipa gharama yake. Ortofon 2M Mono ina ncha ya mviringo ya mikroni 18 na hucheza kwa gramu 1.8. Sindano yake pia huchomoka. Kwa 78, kampuni hiyohiyo ina 2M 78 yenye ncha ya mikroni 65.

Umesoma sifa za Denon DL-102. Sifa hizo ni za haki. Ina mwili katika sauti ambao singo za gitaa zinaupenda. Lakini ina pini mbili tu badala ya nne, ni nzito kwa mikono myepesi ya vinanda, inataka gramu 3, na sindano yake haichomoki. Ikikatika ukiwa Kitale, huna sindano ya kununua. Una katriji nzima ya kurudisha kwa waliokuuzia. Kwa mtu anayeishi Trans Nzoia siipendekezi iwe katriji ya kwanza.

Una kinanda cha AT-LP60X. Katriji yake imefungwa, na uzito haurekebishwi. Ncha yake tayari ni ya mviringo, kwa hiyo kwa singo za 45 uko sawa; badilisha sindano ikichoka, basi. Hakina kasi ya 78, wala usikilazimishe. AT-LP120XUSB ina kasi zote tatu na mkono wake unakubali kubadilishwa katriji.

Una redio-gramu ya wazazi. Hili huulizwa sana Bungoma. Katriji zake za zamani ni za seramiki. Hutoa umeme mwingi na hazihitaji priampu ya fono, ila hukandamiza santuri kwa uzito mkubwa. Usifunge katriji ya kisasa ya sumaku humo. Mkono hautaiweza na amplifaya haitaisikia. Itunze redio-gramu kwa uzuri wake na redio yake, na santuri zako uzichezee kwingine.

## "Lakini fundi wangu anasema…"

"Sterio inacheza kila kitu." Inacheza, ndiyo. Swali si kama sauti itatoka, ni pamoja na kelele gani itatoka. Mwombe akuonyeshe kitufe cha mono.

"Katriji ya mono itaharibu santuri zangu za sterio." Baadhi za zamani zitaharibu, kwa sababu sindano zake hazikubali kupanda na kushuka, kwa hiyo hukata kuta za mfereji. Ukinunua katriji ya mono iliyotumika na hujui historia yake, isiguse santuri ya sterio. Za kisasa nilizozitaja hazina shida hiyo. Utakachopoteza ni usterio tu.

"Almasi ni ya matajiri, yakuti inatosha." Ncha ya yakuti huchoka baada ya makumi ya saa. Ya almasi huhimili mamia. Ncha iliyochoka huwa kama patasi, na ndiyo iliyozifanya singo nyingi za kwetu kuwa za kijivu. Niliwahi kumwazima mtu singo moja ya baba kwa ajili ya sherehe ya usiku mmoja. Ilirudi haina sauti za juu kabisa. Hakuna katriji inayorudisha kilichochongwa.

"Sauti ni ndogo na haina besi, katriji ni mbovu." Karibu kila mara katriji ni nzima. Umeichomeka kwenye AUX. Katriji za sumaku hutoa milivolti chache tu, na zinahitaji tundu la PHONO au priampu ya fono yenye upinzani wa kiloohmu 47. Priampu ndiyo inayorudisha besi iliyopunguzwa makusudi wakati wa kuchimba santuri.

## Kufunga na kupima

Fanya mchana, mezani, juu ya kitambaa cheupe. Skrubu za katriji hupotea kwenye zulia na hazipatikani tena.

1. Acha kifuniko cha sindano kikiwa kimefungwa mpaka umalize kuunganisha waya. Kama sindano inachomoka, ichomoe kabisa.
2. Unganisha waya kwa rangi: nyeupe ni kushoto chanya, bluu kushoto hasi, nyekundu kulia chanya, kijani kulia hasi. Shika kile kichuma cha mwisho wa waya kwa kibano, usivute waya wenyewe.
3. Chapisha karatasi ya kupimia unyoofu kwenye saiba. Mwambie mhudumu achapishe kwa asilimia 100, asibane ienee ukurasa. Kisha pima kwa rula ule mstari wa milimita ulioandikwa juu yake. Ikiwa umepungua hata milimita 2, karatasi hiyo ni ya kutupa. Ikiwa ni sahihi, rudisha sindano, ondoa kifuniko, na uitumie kunyoosha katriji.
4. Zungusha uzito wa nyuma wa mkono mpaka mkono uelee wenyewe, haupandi haushuki. Hapo ni sifuri. Kisha ongeza hadi gramu za katriji yako.
5. Hakikisha kwa mizani ndogo ya kidijitali ya sindano. Ya sonara inaweza kufaa, lakini kama sahani yake ni ya chuma kinachonata kwenye sumaku, itavuta katriji na kukudanganya.
6. Usipunguze uzito kwa huruma. Sindano nyepesi mno hurukaruka mferejini na kuukwangua kuliko ile yenye uzito sahihi.

Baada ya kufunga, ukisikia mvumo mzito usiokoma, angalia waya wa ethi wa kinanda kama umefungwa kwenye skrubu ya amplifaya. Kwa katriji ya mono iliyounganishwa pande zote mbili, mvumo unaweza kutokana na ardhi mbili zinazozungukana; jaribu kuchomoa waya wa upande mmoja uone kama unanyamaza.

## Kinanda kutoka Marekani

Nalitaja jambo hili kwa sababu limewapata wawili mwaka huu. Jamaa wa ughaibuni wanatuma vinanda vya zamani vya volti 120. Transfoma itashusha volti zetu 240, lakini haitageuza hezi 50 kuwa 60. Kinanda ambacho kasi ya mota yake hufuata hezi kitazunguka polepole: 45 itakuwa 37.5, na Kabaka ataimba kama mtu aliyelala. Hilo si kosa la katriji. Uliza aina ya mota kabla ndugu yako hajalipia mzigo.

## Kusafisha, maana sindano mpya haitaki santuri chafu

Kitale ni baridi na mvua zake ni ndefu. Santuri zilizokaa stoo na magunia ya mahindi huota ukungu mweupe na kushika vumbi la nafaka.

- Plastiki: maji yaliyotoneshwa, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, ukifuata mzunguko wa mfereji. Suuza, kausha kivulini.
- Shelaki: maji hayohayo kidogo, na ukaushe upesi. Kamwe usitumie spiriti. Spiriti huyeyusha shelaki, na utaona rangi nyeusi ikibaki kwenye kitambaa. Rangi hiyo ndiyo wimbo.
- Maji ya betri yanayouzwa petroli stesheni ni maji yaliyotoneshwa, na yanafaa. Soma chupa mara mbili, kwa kuwa asidi ya betri hukaa rafu ileile.

## Mahali pa kutafuta

Nairobi bado kuna maduka yanayojua santuri: Melodica kwenye Barabara ya Tom Mboya, na Real Vinyl Guru katika Kenyatta Market. Nenda na santuri yako moja mkononi, uisikilize huko kwa katriji yao kabla ya kununua yako. Ukinunua sindano peke yake, beba namba iliyoandikwa kwenye sindano ya zamani, si jina la kinanda. Na ukiambiwa "hii inaingia kwenye zote," rudisha pesa mfukoni.

## Kwa mwenye santuri za 78

Neno la mwisho ni lako wewe wa Kimilili, Sirisia au Kwanza uliyekuta shelaki chini ya kitanda cha mzee. Gramafoni ya kupiga hendeli si njia salama ya kuijaribu: kichwa chake hulalia santuri kwa uzito mkubwa, na sindano ya chuma ilikusudiwa kutupwa baada ya upande mmoja. Wenye kinanda cha kisasa msiijaribu kwa sindano ya LP "kusikia tu kidogo."

Nunua sindano ya 78. Weka gramu zake. Safisha santuri bila spiriti. Icheze mara moja, ukiirekodi kwenye kompyuta kwa njia zote mbili. Kama kinanda chako hakina 78, icheze kwa 45, kisha ongeza kasi kwenye Audacity kwa asilimia 73.3. Ukishapata rekodi nzuri, rudisha santuri kwenye bahasha yake, isimame wima, mbali na dirisha.

Huenda hiyo ni nakala ya pekee iliyobaki. Usiicheze leo, subiri sindano yake ifike.